Mswaki wa mti, wa mwanzi na dawa za "asili": kipi kinafaa kununuliwa Unguja na Pemba

Neno mswaki lilikuwa la mti kabla ya kuwa la plastiki, na Darajani mpaka leo ukisema unataka mswaki unaweza kuulizwa: wa mti au wa dukani? Siku hizi majibu yameongezeka. Kuna mswaki wa mwanzi ndani ya boksi la kaki, vidonge vya kupigia mswaki ndani ya chupa ya kioo, unga wa mkaa, dawa ya meno yenye picha ya jani la mwarobaini, na vichupa vya mafuta ya karafuu vilivyopangwa pamoja na vanila na mdalasini kusubiri watalii. Vyote vinajiita vya asili, na vingi ni ghali kuliko bomba la kawaida la duka la jirani.

Tumevipima kwa swali moja kabla ya mengine yote: je, kinazuia jino kutoboka na ufizi kuvimba? Kikishindwa hapo, hakuna faida ya kuoza haraka shambani. Jino moja likitoboka linadai glavu, sindano ya ganzi, pamba, kijazio na safari mbili tatu za hospitali, na karibu vyote hivyo hutumika mara moja vikatupwa. Swali la pili ndilo linauliza kitu kitaishia wapi kikichakaa. Zanzibar ilianza kupiga marufuku mifuko ya plastiki kabla ya Bara, ambako marufuku ilianza 1 Juni 2019, lakini sheria ya mifuko haigusi mswaki wala bomba la dawa. Visiwani kisichofika jaa la Kibele huishia mtaroni, na mtaro ukijaa masika huteremka baharini.

Mswaki wa mti

Kwa upande wa mazingira huu hauna mshindani. Hauna boksi, hauna bomba, hauna mpini. Kinachobaki ukishatumika ni ganda na nyuzi ambazo kuku hazimdhuru. Kitaalamu mti huo ni Salvadora persica, na mzizi wake ndio unaopendwa kuliko tawi kwa sababu nyuzi zake ni laini na hufumuka kwa urahisi. Ndani yake mna chumvichumvi, silika (madini kama ya mchanga) inayosugua taratibu, tanini inayokaza ufizi, na mafuta yenye salfa yanayowasha ulimi mithili ya haradali. Ule muwasho si kasoro. Ndio dalili kwamba mti bado una nguvu. Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi yake tangu miaka ya 1980, kwa pale ambapo watu wameuzoea.

Kwenye kununua ndiko wengi wanakokosea. Shika kijiti katikati ukipinde kidogo. Kikipindika bila kutoa mlio, ni kibichi. Kikilia kama ukuni, kimeshakauka na nyuzi zake zitakatika badala ya kuchanua. Nusa pale kilipokatwa: harufu iwe kali, isiwe ya uvundo. Angalia madoa meusi au ukungu wa kijivu chini ya ganda, hasa miezi ya masika, maana vijiti vinavyouzwa vikiwa vimefungwa kwa fungu na kufunikwa nailoni hupata ukungu kutoka katikati ya fungu, si nje. Unene wa kidole kidogo unatosha kwa mtu mzima, na urefu wa sentimita 15 hadi 20 unakaa vizuri mkononi. Kwa mtoto tafuta chembamba zaidi. Ile inayoletwa kutoka Pakistani ikiwa ndani ya nailoni isiyopitisha hewa hukaa na unyevu wake muda mrefu na ubora wake ni mzuri, ila hapo umeshanunua plastiki tena, kijiti kimoja kwa mfuko mmoja.

Matumizi yenyewe ni hivi. Loweka ncha kwenye maji kwa dakika chache, au kwa saa kadhaa kama kijiti kimeanza kukauka. Menya ganda kiasi cha sentimita moja tu kwa kisu kidogo. Ukimenya zaidi, nyuzi zinakuwa ndefu mno na zinalala badala ya kusugua. Tafuna taratibu kwa magego, ukizungusha kijiti, mpaka nyuzi zichanue kama brashi ya rangi. Suuza. Kisha sugua kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, juu ushuke na chini upande, jino mbili tatu kwa wakati. Usikokote kulia na kushoto kama msumeno. Kila baada ya siku moja au mbili kata nyuzi zilizochakaa, menya upya, na uhifadhi kijiti mahali penye hewa. Kukitia mfukoni pamoja na noti na funguo ndiko kunakokifanya kichafu kuliko meno yenyewe.

Kasoro zake ni mbili na zote ni za kweli. Ya kwanza ni umbo. Nyuzi za mswaki wa dukani zimesimama wima kwenye kichwa, lakini za mti zinaelekea mbele kufuata kijiti. Kwa hiyo meno ya mbele kwa nje yanang'aa, huku ndani ya magego na nyuma ya meno ya mbele ya chini pakibaki na ukoga uliogandamana. Hiyo nyuma ya meno ya chini ndipo mate yanapomwagika, na ndipo ukoga unapogeuka jiwe haraka kuliko pengine popote kinywani. Anayetegemea mti peke yake ajichunguze hapo kwa kioo kidogo, au apitishe ulimi: pakiwa na mkwaruzo kama sakafu ya saruji, kijiti hakifiki. Umbo hilo hilo lina tatizo jingine, la nguvu: anayesugua kwa mkono mzito hurudisha ufizi nyuma, mzizi wa jino ukabaki wazi, na maji ya baridi yakaanza kumchoma.

Kasoro ya pili ni floraidi, madini yanayokinga jino lisitoboke. Mti unayo kidogo sana, haiwezi kulinganishwa na ya bomba. Na hapa ndipo mashabiki wa vya asili wengi wanapopotea njia.

Floraidi, na kwa nini hatuikubali dawa isiyonayo

Jino halitobolewi na mdudu. Vijidudu vilivyo ndani ya ukoga hula sukari vikatoa asidi, na asidi hiyo hunyonya madini ya jino. Mate huyarudisha polepole. Floraidi huharakisha kurudi huko na kufanya sehemu iliyojengeka upya iwe ngumu kuliko ya mwanzo. Ndiyo sababu mwaka 2021 dawa ya meno yenye floraidi iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, orodha ile ile yenye dawa za malaria na kisukari.

Hoja inayosikika sana ni kwamba floraidi ni sumu, na ushahidi unaotolewa ni meno ya kahawia ya watu wa Arusha na Kilimanjaro. Meno hayo ni ya kweli, lakini yanatokana na kunywa maji yaliyopita kwenye miamba ya volkano tangu utotoni, wakati meno bado yanajengeka ndani ya taya. Unguja na Pemba hazina miamba ya volkano, mambo ni mengine. Dawa ya kupaka na kutema si maji ya kunywa kutwa.

Kwa hiyo, ubavuni mwa boksi tafuta "Sodium Fluoride" au "Sodium Monofluorophosphate", na namba yenye "ppm" mbele yake, yaani sehemu za floraidi katika kila sehemu milioni za dawa. Kati ya 1,000 na 1,500 ndiyo inayotakiwa. Nyingi nzuri zimeandikwa 1,450. Ikiwa kuna jani, karafuu na mwarobaini mbele ya boksi lakini ubavuni hakuna neno hata moja lenye "fluor" ndani yake, hicho ni kiburudisho cha pumzi. Kinaweza kusugua, hakiwezi kulinda. Si kila dawa ya mitishamba iko hivyo: zipo zenye karafuu na floraidi pamoja, na hizo hatuna neno nazo.

Soma na tarehe. Floraidi hupungua nguvu kadiri bomba linavyozeeka na kukaa kwenye joto, kwa hiyo lile linalopangwa kwenye meza ya barabarani jua la saa saba likiwa juu yake liache, hata likishushwa bei. Bomba lisilo na jina la mtengenezaji, nchi wala tarehe halifai kuingia kinywani. Kazi ya kukagua vipodozi na dawa visiwani ni ya ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, lakini kabla ya mkaguzi kuna macho ya mnunuzi. Whitedent inatengenezwa Dar es Salaam na Chemi & Cotex, na kama unahesabu umbali ambao boksi limesafiri kabla ya kufika Mlandege, dawa ya ng'ambo ya mlango wa bahari inaishinda ya ng'ambo ya dunia.

Halafu kuna ule uzushi wa kimraba cha rangi mkiani mwa bomba: kijani ni ya asili, nyeusi ni kemikali tupu, nyekundu ni nusu kwa nusu. Unazunguka kwenye WhatsApp kila baada ya miezi. Kimraba kile ni alama ya mashine kiwandani, inayosomwa na jicho la umeme ili bomba likatwe na kuzibwa mahali sahihi. Hakisemi lolote kuhusu kilichomo ndani.

Kinachostahili kuepukwa kipo, ila si floraidi. Kama unasumbuliwa na vidonda vya mdomo vinavyorudi rudi, jaribu dawa isiyo na "Sodium Lauryl Sulfate", ile inayotoa povu jingi. Povu halisafishi, linaridhisha tu. Dawa yenye chembe za rangi ndani iangaliwe kama imeandikwa "Polyethylene", ambayo ni plastiki ndogondogo inayotemwa moja kwa moja kwenye maji machafu. Marekani ilipitisha sheria ya kuzikataza mwaka 2015. Na anayejali halali atazame "Glycerin", kwa kuwa inaweza kutoka kwenye mafuta ya mimea au ya mnyama. Boksi likiwa limeandikwa "Vegetable Glycerin" au likiwa na alama ya halali, suala limekwisha.

Kiasi ndicho kinachookoa plastiki kuliko kubadilisha chapa. Matangazo yanaonyesha utepe unaofunika brashi nzima na kujikunja ncha, karibu gramu moja. Punje ya mbaazi ni kama robo gramu, na hata mtu mzima inamtosha. Bomba la gramu 140 kwa utepe wa tangazo ni mara 140, siku 70 kwa mtu mmoja anayepiga mswaki mara mbili. Kwa punje ya mbaazi ni mara 560, siku 280. Nyumba yenye watu watano haihitaji kutafuta bomba linaloweza kurejelezwa, ambalo hata hivyo kwa kuwa limeshikanishwa plastiki na wakati mwingine alumini halina pa kupelekwa hapa. Inahitaji kubana kidogo.

Mswaki wa mwanzi

Ni mzuri, lakini si kama unavyotangazwa. Mpini ni wa mwanzi kweli. Nyuzi kwa kawaida ni nailoni, ile ile ya mswaki wa plastiki, zilizoshikwa na vipande vidogo vya chuma ndani ya kila tundu. Boksi likisema mswaki wote unaoza, ujue mtu hakusoma oda yake vizuri au amesoma akanyamaza. Zipo nyuzi zinazotengenezwa kwa sehemu kutokana na mafuta ya nyonyo, nazo bado ni nailoni, ingawa chanzo chake ni mmea.

Zile chache ambazo nyuzi zake huoza kabisa zina tatizo jingine linalotuhusu sisi zaidi kuliko wanunuzi wa Ulaya: mara nyingi ni manyoya ya nguruwe. Boksi huandika "boar bristle" au "natural bristle" kwa herufi ndogo, na muuzaji wa Mji Mkongwe aliyeagiza kwa mtandao anaweza asijue anauza nini. Kama boksi limepotea, chomoa unyuzi mmoja kwa kibano na uuchome kwa kibiriti juu ya kisahani. Nailoni inajikunja, inayeyuka na kuacha kitone kigumu, cheusi au cha kahawia, na harufu yake ni ya plastiki. Manyoya yanaungua kwa kuchechemka, yananuka kama nywele iliyoshika moto, na majivu yake yanasagika kidoleni. Ukinusa nywele, rudisha mswaki dukani.

Adui wake mkubwa hapa ni unyevu. Mwanzi uliokaa kwenye kikombe cha bafuni chenye maji chini huanza kuwa mweusi kwenye kitako ndani ya wiki kadhaa, na weusi hupanda kuelekea kichwani. Mnunuzi hulaumu mswaki. Kosa ni la kikombe. Utundike kichwa juu mahali penye upepo, ufute shingo kwa kitambaa kila ukimaliza, na ukiununua mpya upake mpini nta ya nyuki iliyoyeyushwa kidogo, uache ikauke usiku mzima. Nyuzi ziwe laini, "soft" kwenye boksi, na kichwa kisizidi upana wa meno mawili. Hapa mwanzi hushindwa na plastiki: vichwa vyake vingi ni vinene, na kufikia gego la mwisho kwa mtu mwenye kinywa kidogo ni kazi.

Badilisha kila baada ya miezi mitatu au nyuzi zikianza kupinda nje, lolote litakalotangulia. Watu watano ni miswaki 20 kwa mwaka. Ikiwa bei ya mwanzi inakufanya ukae na mswaki mmoja miezi minane, nunua wa plastiki wa bei nafuu na ubadilishe kwa wakati. Mswaki uliochanuka hausafishi, wa mwanzi au wa almasi.

Mkaa, limau na magadi

Tupite haraka kwa sababu hakuna cha kusifia. Unga wa mkaa hukwaruza, mwingi hauna floraidi, na chembe zake hukaa kwenye mipasuko ya meno na kando ya vijazio zikaacha mstari mweusi. Weupe unaoonekana wiki ya kwanza ni doa la chai na kahawa lililokwaruzwa, na pamoja nalo tabaka la juu la jino, ambalo halioti tena. Limau na chumvi ya mawe kwa pamoja ni mbaya zaidi: asidi inalainisha, chumvi inakwangua. Kwa sababu hiyo hiyo, ukishakula urojo, wenye ukwaju na embe mbichi, suuza kwa maji na usubiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Ila kuna kosa moja la hatari linalofanywa na wenye nia njema. Maelekezo ya mitandaoni ya kutengeneza dawa nyumbani hutaja soda ya kuokea, ile ya kuumulia keki, ambayo hukwaruza kidogo sana na haina madhara. Mtu anakwenda sokoni anaomba "magadi soda" na kupewa magadi ya kulainishia maharage. Hayo si kitu kimoja. Magadi ni makali zaidi, huchoma ufizi na ulimi, na yale yanayotoka maziwa ya kaskazini ya Bara yana floraidi nyingi isiyopimwa. Yabaki jikoni.

Mafuta ya karafuu

Hapa tuna bidhaa ya nyumbani, na tunaifahamu kuliko wanaoiandika kwenye maboksi ya Ujerumani. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, chini ya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, hukamua mafuta kutoka kwenye vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Kinachofanya kazi ndani yake ni yujenoli, na matabibu wa meno dunia nzima huichanganya na zinki oksidi kupata kijazio cha muda. Kwa hiyo si imani ya bibi. Ni ganzi ya kweli, ya muda mfupi.

Kichupa cha sokoni kijaribu kabla ya kukiamini. Jaza glasi maji, dondosha tone moja. Mafuta halisi ya karafuu ni mazito kuliko maji: tone huzama, au hukaa juu sekunde chache kisha likashuka likiwa duara. Likitandaa juu kama mafuta ya kula, limechanganywa. Kichupa kiwe cha kioo cheusi au cha kahawia, kwa sababu yujenoli hula baadhi ya plastiki, na plastiki iliyolainika ndani ya dawa ya meno haimfai mtu.

Kwa jino linalouma usiku, tone moja la karafuu kwa matone kumi ya mafuta ya nazi, kwenye kipande cha pamba kidogo kama punje ya mchele, pamba iwekwe ndani ya tundu la jino kwa dakika chache na kutolewa. Usipake ufizi, usimimine moja kwa moja, usirudie kutwa. Mafuta matupu huunguza ufizi ukawa mweupe na kuchubuka, na mgonjwa anafika hospitali na maradhi mawili. Watoto wadogo wasipewe kabisa: kumeza kiasi kidogo tu kunaweza kudhuru ini. Na maumivu yakitulia, tundu bado lipo. Kliniki ya meno iko Mnazi Mmoja na kwenye hospitali za Pemba. Karafuu inakusogeza mpaka asubuhi tu.

Vitu vidogo vidogo

Vidonge vya kupigia mswaki vinaondoa bomba, na vile vyenye floraidi tunavipa alama nzuri, lakini unyevu wetu unaviharibu. Chupa ikifunguliwa bafuni mara mbili kwa siku miezi ya masika, vya juu vinalainika na kushikamana. Hamishia vya wiki moja kwenye kikopo kidogo, chupa kubwa ikae kabatini na kijifuko cha punje za kunyonya unyevu kutoka kwenye boksi la viatu. Vingi ni vya kuagiza na bei yake haina uhusiano na kipato cha hapa.

Uzi wa meno unahitajika kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hakuna mswaki, wa mti wala wa umeme, unaoingia katikati ya magego. Nunua kibunda cha mita 50: kwa sentimita 40 kila usiku ni mara 125. Vile vijembe vya plastiki vyenye kauzi kafupi mbele ni takataka ya mara moja na viepukwe. Wa hariri wenye nta unaoza, ukiupata, vizuri. Uchelewa wa fagio la mnazi hauchukui nafasi yake: unachokonoa nyama ya samaki, hauondoi ukoga, na ncha yake ikikatikia ndani ya ufizi huvimbisha shavu.

Ulimi, kikwangulio cha shaba au chuma kisichoshika kutu, kimoja kwa miaka. Au kijiko. Kusukutua, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu inatosha kwa ufizi unaouma. Dawa nyingi za kusukutua za dukani zina pombe, na zile za klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, zikitumika zaidi ya wiki mbili huacha meno na madoa ya kahawia. Kusukutua kwa mafuta ya nazi hakudhuru, na hapa kwetu mafuta hayagandi ila alfajiri za kipupwe, lakini hakuna sababu ya kukufanya uache mswaki.

Ratiba tunayoipendekeza

Mswaki wa nyuzi laini na dawa yenye floraidi mara mbili, asubuhi na kabla ya kulala, dakika mbili kila mara. Tema, usisuuze kwa maji mengi. Floraidi inafanya kazi ikibaki kwenye jino, na kujaza kinywa maji mara tatu kunaiondoa yote. Mswaki wa mti uwe wa katikati ya siku, kabla ya sala na baada ya chakula cha mchana, mahali ambapo huna sinki wala bomba. Asiyetaka kabisa mswaki wa dukani aweke punje ya dawa kwenye nyuzi za mti usiku, na ajitahidi kufika ndani ya magego.

Mwezi wa Ramadhani hesabu inabadilika. Meno yapigwe mswaki baada ya futari na baada ya daku, hasa kama mezani pana tende, kaimati na visheti. Mswaki wa mti mchana wa saumu hauna tatizo kabla ya jua kupinduka. Kwa Shafii, madhehebu ya wengi visiwani, baada ya hapo kwa aliyefunga ni makuruhu.

Watoto wa chini ya miaka mitatu, dawa iwe kama punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, punje ya mbaazi, na mzazi ndiye anayebana bomba. Mswaki wa mti usimpe mtoto wa skuli ya maandalizi aende nao akitembea. Akianguka nao mdomoni, ncha hutoboa kaakaa.

Na bomba likionekana limekwisha, lisitupwe kwanza. Kata mkia kwa mkasi, pasua katikati, kwangua kwa mswaki: mara nyingi mna dawa ya siku tano sita zaidi. Mpini wa mwanzi ng'oa nyuzi zote kwa koleo pamoja na vile vichuma, nyuzi zifungwe na takataka za kwenda jaa, mpini ukachomekwe kwenye kitalu cha mchicha kuonyesha mstari ulioishia kupandwa. Utakuwa umeoza kabla ya masika mawili.